Nifanyeje nipate ujasiri wa kuwahoji wazee wa mkonge kwa mradi wangu wa kuhitimu?

BintiChumbageni ameandika:

Shikamooni wakubwa wangu, na ninyi wenzangu nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya uandishi wa habari hapa Tanga, na kabla ya kuhitimu nimebakiwa na kazi moja kubwa, nayo ni makala ya redio ya dakika 25 inayotakiwa kujengwa kwa mahojiano yasiyopungua manane. Mada nimeichagua mwenyewe na ninaipenda: maisha ya watu waliozeekea katika kambi za mkonge upande wa Muheza, waliokuja vijana kutoka Kigoma, Songea na Njombe, na wengine kutoka Burundi na Msumbiji, wakafanya kazi, wakaoa na kuolewa, wakazika na kuzikwa hapa hapa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza lolote, na hilo ndilo linalonisukuma.

Tatizo langu ni woga. Jaribio la kwanza lilikuwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, ambako nilitaka kujua ni familia ngapi bado zinaishi katika majengo ya kambi za zamani. Nilisoma maswali yangu kumi na mawili kutoka kwenye karatasi, moja baada ya jingine, bila kuinua macho, na bwana yule akanijibu yote kwa "ndiyo", "hapana" na "hilo si la kwangu", kisha akaniambia nikajifunze kuuliza kwanza ndipo nirudi. Jaribio la pili lilikuwa kwa mzee mmoja wa kambini aliyenipokea kwa upole mkubwa, akanitolea kigoda na maji ya kunywa. Alipoanza kusimulia safari iliyomleta Tanga nilimkatiza mara nne, kwa sababu kila aliponyamaza kuvuta kumbukumbu niliogopa kwamba mazungumzo yamekufa. Nyumbani nilisikiliza dakika sita nilizonasa, nikakuta zaidi ya nusu ni sauti yangu.

Nafikiri chanzo kimojawapo ni malezi. Mimi nimelelewa kwamba wakubwa wakizungumza mtoto hukaa mkekani akasikiliza, na akiulizwa ndipo hujibu. Sasa natakiwa nimkabili mzee wa miaka 80 nimuulize alilipwa kiasi gani, nyapara alimtendea vipi, na kwa nini hakurudi kwao. Maneno yanafika kooni yanakwama.

Naomba mliotangulia mnieleze ujasiri huu mliupata wapi. Na je, ni busara nibadili mada, nichukue jambo linaloweza kuandikwa kutokana na nyaraka za maktaba, kwa kuwa zimebaki wiki tisa tu?

Mstaafu wa Makorora ameandika:

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta ofisini. Mada usiibadili. Mtu aliyefiwa na babu yake kabla ya kumuuliza, akaamua kwenda kuwauliza wenzake waliobaki, ana sababu ya kuwa pale ambayo mkufunzi hawezi kumpa.

Nilifanya kazi ya redio miaka mingi na niliianza na woga huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilitumwa kuwahoji wavuvi kule Deep Sea, ufukweni hapa Tanga, juu ya baruti inayoua samaki na kuvunja matumbawe, nikabeba kinasa sauti cha kanda kizito kama tofali, nikarudi na kanda iliyojaa maneno yangu. Mhariri aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mvuvi yuko wapi. Kesho yake nilirudi pwani bila karatasi, nikamkuta mvuvi yule yule anashona wavu, nikakaa mchangani nikamuuliza macho ya wavu ule yana upana gani na kwa nini alichagua upana huo. Alizungumza karibu nusu saa. Habari ya baruti aliifikia mwenyewe, kwa kuwa kutoka kwenye macho ya wavu alifika kwa samaki wadogo ambao wavu wake huwaacha wapite wakue, na ambao siku za mlipuko huwakuta wanaelea matumbo juu.

Ndiyo maana nakushauri swali lako la kwanza liwe la kazi ya mikono. Muulize mzee jani la mkonge hushikwaje ili mwiba wa nchani usimchome, majani 30 ya fungu moja yalifungwa kwa kitu gani, singa (nyuzi za mkonge) zikitoka kwenye korona (mashine ya kuchakata majani) huwa na rangi gani kabla hazijaanikwa. Mtu anayeulizwa kazi anayoijua kuliko wewe hakuoni tena kama mtahini, na wewe mwenyewe unasahau kwamba ulikuja ukijiona kama mtahiniwa. Woga wako, kwa maelezo uliyotoa, hautokani na wazee. Unatokana na kudhani kwamba anayepimwa pale ni wewe.

Jambo la pili ni maandalizi, na sisemi maandalizi ya maswali bali ya mambo yenyewe. Ujue kwamba mkonge si mmea wa asili wa hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Ujue kwamba bei ilipanda sana wakati wa Vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, kwamba baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na kwamba kamba za nailoni na plastiki ziliendelea kulila soko hilo hata ilipofika miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Haya usiende kumsomea mzee. Unayabeba kichwani ili akisema "ule mwaka korona yetu ilipozimwa", au "wakati ule tulipoambiwa shamba sasa ni letu", ujue yuko wapi katika historia na uweze kumfuata bila kumsimamisha.

Wazee wengi hawahesabu maisha yao kwa tarakimu, kwa hiyo usimng'ang'anie mtu akutajie mwaka. Muulize kama bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Desemba 1961, alikuwa ameshafika Tanga au bado yuko kwao. Kama mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya Azimio au baada. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta kambi gani. Kwa alama tatu au nne za namna hiyo utaweza kupanga maisha ya mtu mzima bila kumwonyesha kwamba amesahau.

La tatu ni kile kimya ulichokikimbia. Mzee akinyamaza, hesabu moyoni mpaka saba kabla ya kufungua mdomo, na macho yako yabaki kwake kwa upole. Mara nyingi jambo kubwa hukaa nyuma ya kimya hicho, na ukijaza pengo kwa swali jipya umemfungia mlango akiwa ameshika kitasa. Kwenye karatasi usiandike maswali kamili. Andika maneno matatu tu, kwa mfano "safari, kipande (kadi ya kazi), kurudi", kisha iweke mfukoni.

Mtoto wa Kambini ameandika:

Dada, mimi nimezaliwa kambini na nimekulia humo, kwa hiyo nitakueleza jambo hili kwa upande wa wanaohojiwa, ambao huwa hawaulizwi waliyaonaje mahojiano.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi walikuja wageni na kamera, wakamkalisha mama yangu mlangoni, wakamuuliza, "Mliteseka vipi?" Mama alilia. Walipopata kilio chake walishukuru wakaondoka, na hata picha moja hawakuleta. Tangu siku hiyo mgeni yeyote mwenye kalamu akiingia mstari wetu wa nyumba, mama alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana kuni za kuokota. Ukikutana na mtu anayekukwepa usifikiri kosa ni lako. Pengine ni deni lililoachwa na mwingine.

Usianze na mateso. Waulize ngoma za Jumamosi, maana kila kabila lilikuwa na uwanja wake na watu walikwenda kutazamana. Waulize posho ya unga ilipimwaje na nani alipima. Waulize Kiswahili walijifunza kwa nani, kwa kuwa wengi walifika bila neno hata moja, na hapo utasikia vicheko ambavyo hukuvitegemea. Mateso yatakuja yenyewe, yakiwa mahali pake katikati ya maisha, kama yalivyokuwa.

Kuhusu neno "manamba", uwe mwangalifu. Linatokana na namba aliyopewa mtu alipoandikishwa, na wapo wazee wanaolitamka kwa fahari ya kazi, lakini wapo ambao mpaka leo linawachoma kwa kuwa walitukanwa nalo mjini. Muulize kila mmoja anapenda aitweje, kisha umwite hivyo mpaka mwisho wa makala.

Nenda baada ya saa kumi jioni, jua likishapoa. Siku ya kwanza usinase sauti kabisa. Salimia, eleza wewe ni mjukuu wa nani na umekuja kwa nini, kunywa maji uliyopewa, uondoke. Siku ya pili omba ruhusa ya kunasa na uonyeshe simu inavyofanya kazi, umsikilizishe mtu sauti yake mwenyewe. Usisahau wanawake. Kila anayekuja huuliza wakataji na watu wa korona, na wake zao na binti zao walioanika singa na kuzipiga brashi hubaki nyuma ya mlango wakiambiwa wapike chai.

Ukiweza, mchukulie kila mmoja kilo ya sukari. Kwa malezi ya huku, huendi nyumba ya mtu mzima mikono mitupu.

Mhariri wa Zamu ameandika:

Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa hapo juu, lakini kuna mawili yanayonipa wasiwasi, nami ningependa mwanafunzi huyu ayasikie kabla hajaenda.

La kwanza ni kwamba ushauri wote mpaka sasa unahusu wazee, na yeye alianza kwa kutuambia kwamba ofisini alidharauliwa. Mtu mwenye mamlaka haulizwi kwa namna anavyoulizwa bibi aliyeketi mkekani. Heshima ibaki, lakini heshima isimpe mwanya wa kukwepa. Nimewaona vijana wengi ambao, mheshimiwa akijibu swali jingine kabisa, huitikia kwa kichwa na kusonga mbele, na jioni chumba cha habari hakina habari. Jifunze sentensi hii na uitamke kwa sauti tulivu mbele ya kioo mpaka iwe yako: "Nashukuru kwa maelezo hayo, naomba nirudi kwenye swali langu." Unaweza kuisema mara tatu bila kumvunjia mtu adabu.

Tena usimwendee mikono mitupu kwa maana nyingine ya maneno hayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na aliyeombwa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wewe una wiki tisa. Andika barua wiki hii, taja waziwazi unachokitaka, ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Ukirudi kuhoji utakuwa unafuatilia ombi lililoko mezani kwake, na nakuhakikishia kwamba hata sauti yako itatoka tofauti. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ujasiri ni kuwa na karatasi sahihi mkononi.

La pili ni sukari. Taarifa hainunuliwi. Leo ni kilo ya sukari, kesho mhojiwa anakwambia kile anachofikiri kitaongeza kilo ya pili, na wewe huwezi tena kujua kipi ni kweli.

Mtoto wa Kambini ameandika:

Kaka, hakuna aliyezungumzia kununua. Bibi wa miaka 80 aliyempa mtoto kigoda chake akakaa yeye chini hauzi maneno yake kwa sukari, na ukimfanya ahisi kwamba unamshuku umemkosea zaidi kuliko yule wa kamera.

Mstaafu wa Makorora ameandika:

Wote wawili mna haki, na katika kazi yangu nililitatua hivi: zawadi haitangulii mahojiano wala haiahidiwi. Hupelekwa mwisho, siku ya kwenda kuaga, inakuwa sawa kwa wote, wakiwemo waliokataa kuhojiwa. Hapo haiwezi kuwa malipo, kwa sababu aliyenyamaza amepata sawa na aliyesema. Na msimamizi wako wa mradi aelezwe mapema, ili jambo hilo lisiwe la kufichwa.

Kuhusu wenye mamlaka, Mhariri amesema kweli na mimi nilikosa kulitaja. Naongeza moja tu: muhoji mtu wa ofisi baada ya wazee, si kabla. Ukishasikia watu watano wakikueleza paa linavyovuja na choo kilivyodidimia, swali lako ofisini litakuwa na uzito wa watu watano.

BintiChumbageni ameandika (baada ya wiki saba):

Shikamooni tena. Niliona si vyema kuchukua ushauri wenu halafu ninyamaze, kwa hiyo nimekuja kuwaeleza nilipofika.

Mada sikuibadili. Barua niliipeleka wiki ile ile, nakala yangu ikagongwa muhuri. Kambini nilikwenda siku ya kwanza bila kunasa chochote, nikajitambulisha kwa jina la babu, na mzee yule niliyemkatiza mara nne ndiye aliyenishika mkono akanipeleka nyumba kwa nyumba akisema, "Huyu ni mjukuu wa mwenzetu." Nililia njiani wakati wa kurudi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi naye hakunipa hata nafasi.

Swali la mikono lilinisaidia kuliko nilivyodhani. Nilipomuuliza mzee huyo jani hushikwaje, aliinuka, akachukua kipande cha ubao akawa anaonyesha, akasahau simu. Hapo nikapata tatizo jipya, kwa kuwa vitendo havisikiki redioni; nikamwomba awe anasema kila anachokifanya, kama anayemfundisha mtu asiyeona. Ilichukua majaribio mawili. Katika la tatu alieleza namna ya kukata mwiba wa nchani na kuhesabu majani mpaka fungu litimie, huku nasikia pumzi yake inavyobadilika kama aliyerudi shambani. Ndiyo dakika mbili bora za makala yangu.

Nina hitilafu za ufundi pia, na ninazitaja kwa faida ya wenzangu. Mahojiano mawili niliyafanya ndani, chini ya bati, na mvua ikaanza. Hakuna neno linalosikika. Mengine nilinasa nje bila kuvaa hedifoni, na sikujua kwamba upepo unavuma moja kwa moja kwenye simu mpaka niliporudi nyumbani. Sasa naweka simu karibu na kidevu cha mhojiwa, kiasi cha shubiri moja na nusu, naifunika kwa kitambaa chepesi, nanasa nusu dakika ya majaribio na kuisikiliza kabla hatujaanza.

Lakini ninalotaka kuwasimulia hasa ni bibi mmoja aliyetoka Songea akiwa msichana, aliyefanya kazi ya kuanika singa miaka mingi. Mara mbili nilipokwenda aliniambia hana la kusema, nikamuulize mumewe. Mara ya tatu nilimkuta anachagua mchele, nikaosha mikono nikakaa kumsaidia, na simu ikabaki ndani ya pochi. Tuliongea habari za mchele. Sinia lilipokwisha aliniambia, "Haya, toa hicho chako." Nilimuuliza singa zilianikwaje, akavua khanga ya juu akaitandaza kwenye kamba ya nguo, akawa ananieleza namna walivyozitawanya ili jua lizipige sawasawa, na mikono ilivyowasha kwa maji ya mkonge hata usiku mtu hakupata usingizi.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakurudi kwao. Akanyamaza. Nilihesabu kama nilivyoelekezwa, nikapita saba, nikafika kumi na moja, na yote niliyoyasikia ni kuku waliokuwa wakiparua chini ya mwembe. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema, "Samahani bibi, tuendelee na jingine." Sikusema. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, akaeleza kwamba aliandikiwa barua mbili kwenda kwao, ya pili baada ya kumzika mtoto wake wa kwanza, na hakuna iliyojibiwa. Na alipomzika wa pili aliona kwamba kwao ni pale walipolala wanawe. Sikumuuliza zaidi. Tulikaa. Kabla ya kuondoka nilimuuliza kama anaridhia maneno hayo yasikike redioni, akasema makaburi niyataje lakini majina ya watoto yabaki kwake. Nimefanya hivyo.

Nilipotoka pale nilitambua kwamba yale malezi ya kukaa mkekani na kusikiliza, ambayo niliyaleta hapa kama tatizo, ndiyo yaliyonishikilia kwa zile hesabu kumi na moja. Nilichokosa kilikuwa ni kuuliza swali moja kwanza, halafu kukaa nilivyofundishwa.

Ofisini nilirudi siku ya 27, nikiwa na nakala ya barua, nikamkuta bwana yule yule. Nilimuuliza ni familia ngapi zinaishi katika majengo yale. Akanieleza mipango ya maendeleo. Nikashukuru, nikaomba kurudi kwenye swali langu. Akanieleza umiliki wa mashamba ulivyobadilika. Nikashukuru tena, nikarudi tena, na mara hii sauti yangu ilitetemeka kidogo, lakini sentensi ilifika mwisho. Ndipo akasema kwamba orodha ya wakazi hao haipo. Nilidhani nimeshindwa, mpaka msimamizi wangu aliposikiliza akasema kwamba hilo ndilo jibu.

Woga haujaniisha. Bado hunipata njiani na katika swali la kwanza, na tofauti ni kwamba sasa najua huwa unapungua likija la pili. Nina mahojiano tisa kamili, na makala imehaririwa hadi dakika 24 na sekunde 40.

Sukari niliipeleka jana, kilo moja kila nyumba, hata kwa wale wawili waliokataa. Jumamosi hii nataka nikawasikilizishe makala kabla sijaikabidhi chuoni, ili kama nimemnukuu mtu vibaya anirekebishe. Naomba kujua kama simu itatosha au nikaazime spika.

Mhariri wa Zamu ameandika:

Hongera sana kwa lile swali la tatu. Neno moja la kitaaluma kuhusu Jumamosi: wape nafasi ya kusahihisha majina, tarehe, na maneno yao wenyewe, na yule bibi athibitishe tena ridhaa yake akiwa amesikia. Sehemu ya ofisi usiruhusu ibadilishwe na mtu yeyote. Na taja wazi ndani ya makala kwamba uliomba orodha kwa maandishi na tarehe uliyoomba.

Mstaafu wa Makorora ameandika:

Mwanangu, makala ikishakabidhiwa, sauti zote tisa zihifadhi nzima kama zilivyo, pamoja na zile sehemu ulizozikata, mahali pawili tofauti. Mimi kanda zangu za wavuvi zilifutwa ili zinasiwe vipindi vingine, na wengi wa wale waliozungumza wameshatangulia mbele ya haki.

Mtoto wa Kambini ameandika:

Azima spika, dada, simu haitasikika kwa sababu watoto wote wa mstari watakuja. Nenda baada ya swala ya Alasiri. Mikeka tutatandika chini ya mwembe upande wa magharibi, ambako kivuli hakiondoki mapema, na yule bibi wa Songea mkalishe karibu na spika kwa kuwa sikio lake la kulia halisikii vizuri. Mama yangu ameuliza kama nafasi bado ipo. Amesema kuni za wiki hii anazo za kutosha.